Kadi Si Karatasi Iliyonenepa

Msomaji mpenzi, wako watu wengi humu mjini wanaoamini kwamba kadi ni karatasi tu iliyonenepa, na kwamba mashine inayochapisha barua ya kuomba kazi itachapisha na kadi ya harusi bila kunung'unika. Ukiwaambia sivyo, watakutazama kama mtu aliyekosa la kufanya siku ya Jumapili. Siwalaumu. Kadi ni kitu tunachokipokea, tukakisoma, tukakitia mkobani na kukisahau. Nani ana haja ya kujua kilivyotengenezwa?

Lakini hebu fikiria ni mara ngapi katika mwaka mmoja kadi zinapita nyumbani kwako. Harusi, ubatizo, mahafali ya chekechea, mchango wa kulipa bili ya hospitali, mazishi. Ni kweli siku hizi mialiko mingi inapitia kwenye simu, na kamati za harusi zinabishana kwenye makundi ya WhatsApp mpaka usiku wa manane. Hata hivyo, jaribu kumwalika mkwe wako kwa simu peke yake, kisha uje uniambie alivyokupokea. Mtu mzima anataka kitu cha kushika mkononi, cha kuwekwa juu ya kabati mahali ambapo jirani akiingia atakiona bila kuonyeshwa. Basi kijana wa nyumbani, aliyekwisha kuichora kadi hiyo kwa kompyuta ikapendeza, anatafuta mwenye printa ya leza na kumwambia, "Tuchapishie tu."

Hiyo "tu" ndiyo yenye mambo, msomaji.

Mimi nilianza kulifuatilia suala hili mwaka 2017, na haikuwa kwa ajili ya harusi. Baba mdogo alifariki katika hospitali moja hapa jijini, na kama ilivyo desturi yetu, familia ikaunda kamati. Huyu akapewa kazi ya gari, yule jeneza, mwingine chakula, mwingine kijitabu cha mazishi. Kijitabu kilikuwa na kurasa 8 za karatasi ya kawaida zenye wasifu, ratiba na nyimbo, na jalada la kadi nyeupe lenye picha ya marehemu akiwa na koti lake la kazi, kichwa kimeinuka kidogo kama alivyozoea. Jalada lilichapishwa katika duka moja mjini, mwendo wa saa mbili usiku, huku basi la kwenda mashambani likingoja. Vijana wa duka walituhudumia kwa heshima na kwa haraka. Tukawashukuru, tukaondoka.

Kesho yake jua lilikuwa kali pale kaburini. Watu walivishika vijitabu kwa mikono yenye jasho, wakajipepea navyo, wakavikunja na kuvikunjua. Kabla padri hajamaliza sala, niliona weusi kwenye vidole vya mtu aliyekuwa karibu nami. Nilipotazama kijitabu changu, shavu la baba mdogo lilikuwa limebanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu, na pale kwenye mkunjo jina lake lilikuwa limekatika vipande. Mama mdogo alikuwa ameketi mstari wa mbele, kijitabu kiko mapajani. Alipoinua mkono kujipangusa machozi, akajipaka uso wa mumewe shavuni mwake.

Ajuza mmoja akanong'ona kwamba marehemu ana jambo moyoni, ndiyo maana uso wake unakataa kukaa. Maneno ya namna hiyo matangani hayahitaji miguu. Kufikia jioni yalikuwa yameenea boma zima, na wiki mbili baadaye mama mdogo alikuwa ananipigia simu usiku kuniuliza ni kosa gani alilomtendea mzee wake hata amwondokee hivyo. Mimi nimefundisha sayansi kwa miaka mingi. Sikuweza kumwambia "usijali" na kukata simu.

Nikachukua jalada lile na kulipeleka kwa fundi mmoja wa printa, mwenye chumba kidogo ghorofani karibu na Luthuli Avenue, mahali ambapo ni lazima uruke vifaa vilivyofunguliwa ndipo uufikie mlango. Fundi hakuhitaji dakika mbili. Alilikwaruza jalada kwa ukucha, weusi ukatoka kama masizi ya sufuria. Akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "hii haikuiva."

Nikamwomba anieleze, akaacha kazi yake akanieleza. Mengi ya haya ninayokuandikia yalianzia pale, mengine nimeyasoma na kuyajaribu mwenyewe tangu hapo.

Jambo la kwanza ni kwamba printa ya leza haitumii wino. Haina tone la maji ndani yake. Kile tunachokiita tona ni unga, na unga wenyewe kwa sehemu kubwa ni plastiki iliyosagwa ikawa laini kuliko unga wa ngano, ikatiwa rangi. Ndani ya mashine mna silinda inayoitwa dramu, ambayo hutiwa umeme tuli, ule ule unaofanya rula ya plastiki uliyoisugua kwenye nywele inyanyue vipande vya karatasi. Mwali wa leza hupita juu ya dramu ukiandika kwa mwanga, na mahali ulipogusa hali ya umeme hubadilika. Unga hushika kwenye maandishi yale tu. Karatasi inapopita, umeme mwingine huuvuta unga kutoka kwenye dramu na kuulaza juu ya karatasi. Hapo maandishi yamekwisha kuonekana, lakini ukipuliza yanaruka! Ndipo karatasi hupitishwa katikati ya rola mbili zinazobana, moja ikiwa na moto wa kama nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Plastiki inayeyuka, inajipenyeza kwenye nyuzi za karatasi, inapoa, inaganda. Sehemu hiyo mafundi wetu huiita fyuza, na kazi yake ni kazi ya pasi.

Wazo hili lina asili ya kushangaza kidogo. Mmarekani mmoja, Chester Carlson, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya hataza na aliyechoshwa na kunakili nyaraka kwa mkono, alijifungia katika chumba huko Astoria, mjini New York, akiwa na msaidizi wake Otto Kornei. Tarehe 22 Oktoba 1938 walisugua kwa hanjifu bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyizia unga, kisha wakabandika juu yake karatasi ya nta na kuipasha moto. Maandishi yakabaki kwenye karatasi: tarehe ya siku ile na jina la Astoria. Makampuni mengi yalimkataa kabla ya mashine za fotokopi kuenea duniani. Leza yenyewe iliingia baadaye sana, kwa juhudi za Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox, aliyeanza kulishughulikia wazo hilo miaka ya mwisho ya 1960 na kuliendeleza kule Palo Alto, California, kuanzia 1971. Mwaka 1984 Hewlett-Packard ikatoa LaserJet, printa ya leza ambayo ofisi ndogo iliweza kuinunua na kuiweka mezani. Lakini tazama, msomaji: tangu siku ile ya karatasi ya nta, hatua ya mwisho ni moto. Bila moto kushika, yote yaliyotangulia ni vumbi.

Sasa turudi kwenye kadi. Ukitazama ganda la bunda la karatasi dukani utaona namba, aghalabu gramu 80. Maana yake ni kwamba karatasi hiyo yenye ukubwa wa mita mraba moja ina uzito wa gramu 80. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita mraba, kwa hivyo shiti moja la kawaida lina gramu 5, na bunda la mashiti 500 lina kilo 2 na nusu. Usiponiamini, mpelekee mama mboga alipime kwenye mizani yake. Kadi nyepesi ina gramu 160, yaani shiti la A4 lina gramu 10. Jalada la baba mdogo lilikuwa la gramu 250. Shiti moja linakaribia gramu 16, zaidi ya mara tatu ya karatasi ya barua.

Mpe kijana pasi, umwambie apige shati jepesi kwa kupitisha mara moja haraka. Litanyooka. Kisha mpe blanketi, pasi ile ile, mwendo ule ule. Blanketi halitajua kwamba limepigwa pasi. Hivyo ndivyo ilivyo. Mashine inayotoa kurasa 20 na zaidi kwa dakika huipa kila sehemu ya karatasi muda mdogo sana chini ya moto. Karatasi nyepesi hupata joto la kutosha katika muda huo. Kadi nene huunyonya moto wote ndani yake, na plastiki iliyo juu inabaki nusu mbichi. Inaonekana nzuri, inang'aa hata, lakini haikushika. Ikipata jasho, kidole na mkunjo, imekwisha.

Dawa yake ilikuwa ndani ya mashine ile ile ya dukani, na haikuhitaji senti moja. Unapoiamuru kompyuta ichapishe, kabla ya kubonyeza ule ufunguo wa mwisho, ingia kwenye mipangilio ya printa. Humo mna orodha ya aina za karatasi: ya kawaida, nyepesi, nzito, nzito zaidi, kadi, bahasha, lebo. Watu hawaigusi. Orodha hiyo si pambo. Ukichagua kadi au karatasi nzito, mashine hupunguza mwendo, mara nyingine mpaka nusu, na huongeza moto wa fyuza, na nyingine hubadilisha hata nguvu ya umeme unaovuta unga. Utasikia mlio wake ukibadilika, mashine ikienda polepole kama gari lililopanda mlima na mizigo. Usiibishie. Siku ile dukani tulikuwa na haraka, na mashine ilikuwa imeachwa kwenye karatasi ya kawaida tangu asubuhi. Kwa bahati mbaya nayo haina macho. Printa nyingi haziwezi kujua kwamba umezipa kadi mpaka uzieleze.

Halafu kuna mpaka. Kila printa ina uzito wa mwisho inaoruhusu, na umeandikwa kwenye kile kijitabu ambacho hubaki kwenye sanduku pamoja na maboksi ya povu. Printa ndogo za nyumbani nyingine haziendi zaidi ya gramu 120, nyingi zinaishia 160 na kitu, na baadhi hufika 200 au kuzidi kidogo iwapo utaingiza kadi kwa mkono badala ya trei. Mashine kubwa za maduka ya kuchapisha hupita 300. Jihadhari na wanaokuambia, "Ingiza tu, itapita." Inaweza kupita kweli, mara 20, na mara ya 21 ikakwama mahali ambapo mkono haufiki. Karatasi ikitolewa kwenye trei ya chini hupinda kama herufi ya U ndipo itokee juu. Karatasi nyembamba haina shida na mzunguko huo. Kadi ni kama mzee mwenye mgongo: ukimlazimisha kuinama ataharibika yeye, au atakuharibia wewe.

Kwa hivyo tafuta njia iliyonyooka. Printa nyingi zina mwanya wa kuingizia karatasi kwa mkono upande wa mbele, na baadhi zina mlango mdogo nyuma. Ukifungua ule mlango wa nyuma, kadi inaingia mbele na kutoka nyuma bila kupinda, nayo hutoka ikiwa bapa. Ajabu ni kwamba wengi wanaozimiliki mashine hizo kwa miaka hawajaufungua mlango huo hata siku moja. Mimi huingiza kadi moja moja, huku nikisikiliza. Kazi ya kadi 60 hunichukua karibu saa nzima, na sioni ubaya. Redio inaimba, chai ipo.

Kadi zikigoma kuingia, rola ikawa inazunguka bure, usizisukume kwa nguvu. Mara nyingi rola imejaa vumbi la karatasi. Zima mashine, ingoje ipoe, ipanguse rola kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa. Na kabla ya kutia kadi kadhaa kwenye trei, zichanue kwanza kama mcheza karata, kwa sababu kadi mpya hushikamana, mbili huingia kwa pamoja, na hapo ndipo kelele huanza.

Wasomaji wetu wa pwani nao wana adui wao, unyevu. Karatasi hunywa maji yaliyo hewani. Kadi iliyoachwa wazi Mombasa kwa siku kadhaa hujikunja pembe na kufanya mawimbi, na ikiingia kwenye printa hutoa madoadoa na sehemu zilizofifia, maana umeme hautulii vizuri kwenye karatasi yenye majimaji, na unga haushiki sawasawa. Ziache kadi ndani ya ganda lake mpaka saa ya kuchapisha, na zilizobaki zifunge tena. Ukizinunua zikiwa zimetoka ghala lenye baridi, ziache chumbani siku moja zizoee hewa kabla hujazifungua.

Mwaka 2022 mpwa wangu alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba, akaja kwangu na mchoro wake. Kufikia wakati huo sifa yangu ilikuwa imeenea mtaani, jambo ambalo mke wangu hakulifurahia kwa sababu ya umeme. Binti alitaka kadi 120. Alitaka ziwe za gramu 300, zenye mikwaruzo kama kitambaa cha kitani, na pembezoni ziwe na chembe za dhahabu zinazometameta. Nikamwambia mashine yangu haipiti 163.

"Lakini Mjomba," akasema, "kadi ya gramu 160 inalegea kama mwaliko wa baraza la chifu!"

Hapo nilicheka, lakini sikulegeza. Kadi yenye mikwaruzo hupendeza kwa macho, ila unga wa tona hauingii vizuri kwenye mabonde yake; maandishi madogo hutoka yenye mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Na zile chembe za dhahabu, kadi za plastiki, zenye utando wa nta, au zile karatasi zinazong'aa zilizotengenezwa kwa printa za wino wa maji, hizo usizikaribishe kabisa kwenye leza. Utando wake huyeyuka kwa moto na kujizungushia kwenye fyuza. Yule fundi wa Luthuli alinionyesha fyuza moja iliyokufa hivyo, imevaa picha ya arusi ya watu kama soksi. Bei ya kuibadilisha ingetosha kununua printa ndogo nyingine. Soma ganda: likisema ni ya printa za wino wa maji peke yake, irudishe dukani.

Tukaafikiana hivi. Mwaliko wenyewe ukachapishwa kwenye kadi laini ya gramu 160, rangi ya maziwa. Kisha tukanunua kadi nzito ya rangi ya zambarau, tukaikata ikiwa kubwa kidogo kuliko mwaliko kila upande, na tukaubandika mwaliko juu yake kwa gundi. Kadi nzito haikupita kwenye mashine hata kidogo, na bado mkononi ilihisi nzito kama alivyotaka. Kila shiti la A4 lilitoa mialiko 2, kwa hivyo 60 zilitosha, nami nikanunua 70, kwani wa kwanza siku zote ni wa kujaribu na mwisho haukosi shangazi aliyesahauliwa kwenye orodha. Dhahabu yake aliitia mwenyewe kwa kalamu, kadi zikiwa zimekwisha kuchapishwa na kupoa.

Ukitaka kadi ya kukunjwa, liko jambo moja ambalo wachapishaji wa zamani wa River Road walilijua kama sala, na vijana wengi wa kompyuta hawajaambiwa. Karatasi ina nyuzi, kama mbao au nyama. Nyuzi hizo huelekea upande mmoja kwa wingi, kulingana na mwendo wa mtambo ulioitengeneza. Ishike kadi, iinamishe polepole kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Utahisi kwamba upande mmoja inakubali na upande mwingine inapinga. Mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi hutoka safi. Mkunjo unaozikata nyuzi hupasuka na kuonyesha nyama nyeupe, na tona iliyo juu yake hupasuka nayo. Jalada lile la mazishi lilikuwa na balaa zote mbili, halikuiva na lilikunjwa kinyume cha nyuzi, na jina la marehemu lilikuwa limepita juu ya mkunjo kabisa. Siku hizi nikichora kitu cha kukunjwa huuacha mstari wa katikati mtupu, bila herufi wala rangi nzito. Kabla ya kukunja nachora mfuo kwa rula na kalamu ya Bic iliyokwisha wino, nikibonyeza bila kukata. Upande wa pili patatokea kituta chembamba. Hicho kikae ndani ya mkunjo.

Kuchapisha pande mbili nako kuna adabu yake. Printa nyingi zinazogeuza karatasi zenyewe hazitaki kugeuza kadi, kwa hivyo unageuza kwa mkono. Chapisha upande wa kwanza wote, uzilaze kadi bapa chini ya kamusi nzito zipoe na kunyooka, ndipo uanze upande wa pili. Ukizirudisha zikiwa moto na zimejikunja, zitakwama, na mara nyingine upande wa kwanza utaacha kivuli chake kwenye rola kisha kivuli hicho kihamie kadi inayofuata. Shiti moja la karatasi ya kawaida uliloliandika mshale kwa penseli litakuonyesha upande gani unatangulia, badala ya kuharibu kadi 3 kwa kubahatisha.

Kwa walio na watoto wanaotaka kadi za kusomea herufi na hesabu, gramu 160 inatosha sana, na ni kazi nzuri ya likizo. Lakini mtoto asifungue mashine iliyotoka kufanya kazi. Ile fyuza huunguza. Unga wa tona ukimwagika, upanguse kwa kitambaa chenye maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha ukashika nguo moja kwa moja.

Kazi ikiwa kubwa, tuseme kadi mia kadhaa za gramu 300, usijitese. Nenda mjini kwa wenye mitambo. Sisemi tuwakimbie watu wa maduka, kwani wengi ni mafundi hodari na wanaishi kwa kazi hiyo. Ninachofanya ni kumwuliza mhudumu kama mashine yake inakubali uzito wa kadi niliyoileta, kisha namwomba anitolee moja kwanza. Hiyo moja naiacha ipoe kama dakika mbili, naikwaruza kwa ukucha mahali penye weusi mwingi, naikunja na kuisugua mkunjo kwa kidole gumba. Unga ukitoka, namwomba abadilishe aina ya karatasi kwenye mipangilio. Sijawahi kufukuzwa. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali.

Nirudi kwa mama mdogo. Siku ile ile ya 2017 fundi alilichapisha jalada upya mbele yangu, picha ile ile, kadi ya gramu 250 kama ile ya kwanza, isipokuwa mashine yake kubwa aliieleza kwamba hii ni kadi. Likatoka taratibu, lina joto kama chapati. Wikendi iliyofuata nikapanda gari kwenda mashambani na majalada yote mawili. Nilimweleza mama mdogo habari za unga na pasi, nikampa lile la kwanza alikwaruze, weusi ukamtoka kidoleni. Nikampa la pili. Mwanzoni alikataa kulikwaruza, kwa kuwa ni uso wa mumewe. Akalisugua polepole pembeni, kwenye bega la lile koti, kwa ukucha, kisha kwa nguvu zaidi. Halikutoa kitu. Akanyamaza kitambo kirefu.

"Kwa hivyo ni pasi tu haikushika?"

"Ni pasi tu, Mama."

Akaita wajukuu waje waone, na yule ajuza wa jirani naye akaitwa, akakwaruza kwa zamu yake.

Nilipokuwa nikiaga nilimkuta amekwisha kulitia jalada jipya ndani ya mfuko laini wa plastiki inayoonyesha, ile tunayowekea vyeti vya shule, ili vumbi lisiliguse. Ilinibidi nimwombe alitoe. Plastiki nyingi za aina hiyo, zile laini za vinili, zina mafuta ya kulainisha ambayo polepole hulegeza tona, na baada ya miezi kadhaa maandishi huhama kutoka kwenye karatasi na kunata kwenye plastiki. Huenda nawe, msomaji, una nakala ya cheti iliyonata namna hiyo. Tukatafuta bahasha ya kaki, nami nikaandika nje jina la baba mdogo na tarehe zake mbili. Akaiweka ndani ya Biblia, akafunga.